Aliyeushika Mkono wa Akoth

Ninyi mnaoanza leo kazi ya kufunga mifupa kwa plasta mmekuta vyumba vimepakwa rangi, na plasta zenu ni nyepesi, za samawati na waridi, mgonjwa anajichagulia kama anayechagua kitambaa cha harusi. Nafurahi kwa ajili yenu. Mimi nilipokelewa na mikono.

Siku yangu ya kwanza kazini Mzee Okeyo, fundi wa plasta aliyenifundisha yote ninayojua, alinituma nikalete ndoo stoo. Nikafungua mlango. Mle ndani kulikuwa na lundo la mikono myeupe, imepandana mpaka usawa wa dirisha, mingine imekunja kiganja, mingine imenyoosha dole gumba kama inayosimamisha gari. Yalikuwa maganda tu, plasta zilizopasuliwa zikavuliwa wagonjwa, bado hazijapelekwa kuchomwa. Lakini plasta hukauka na umbo la aliyekuwa ndani yake. Nilitoka bila ndoo.

Okeyo alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe Mkuria, unaogopa mikono haina watu? Ogopa ile iko na watu!"

Mimi ni Mkuria wa upande wa Kehancha, na maisha yangu yote ya kazi nimeyamaliza miongoni mwa Wajaluo, kati ya Migori na Homa Bay, katika hospitali ndogo ambayo sitaitaja, maana kosa nitakalowasimulia lilikuwa langu, si la jengo. Dholuo, lugha yao, kwangu ni ya kuombea maji ya kunywa. Kiswahili ndicho kilichonilisha. Nimestaafu, macho yamepungua, na mke wangu anasema nimeanza kuwafundisha hata kuku. Basi afadhali niwafundishe ninyi.

Mkono ukivunjika, kitu cha kwanza ni kuvua pete, bangili na saa, kabla hata ya kutafuta gari. Hili mwambieni kila mtu, hata asiyesomea kazi yetu. Mkono uliovunjika huvimba, na pete haivimbi nao. Usiuvute. Kuna watu wakiona mkono umepinda roho haiwatulii mpaka waunyooshe. Watu hao wapelekeni wakachote maji. Ufungeni ulivyopinda, kwa katoni iliyokunjwa au gazeti nene, muuning'inize shingoni kwa leso, vidole vikae juu kuliko kiwiko. Kama kuna kidonda, kifunikeni kwa kitambaa safi, na mfupa ukichungulia msiurudishe ndani. Msiukande kwa maji moto. Na msimpe chakula wala chai, hata akiwa mama yenu na amewaangalia kwa huruma, kwa sababu huenda akalazwa usingizi ili mfupa urudishwe mahali pake.

Pete ikiwa imekwama, kuna njia ya uzi. Okeyo alinionyesha kwa mvuvi mmoja wa Mfangano, kidole kimekuwa kama ndizi. Unapitisha ncha ya uzi chini ya pete kuelekea kiganjani, kisha unakizungushia kidole uzi huo kwa kukaza, kuanzia kwenye pete mpaka kwenye kucha. Halafu unaufungua ukianzia ile ncha ya kiganjani, taratibu, na pete inapanda yenyewe juu ya uzi. Kama kidole chenyewe ndicho kimevunjika, acha mchezo huo, tafuta cha kuikatia. Yule mvuvi alilia kama mtoto. Tukadhani ni maumivu. Kumbe pete ilikuwa ya mke mkubwa, na aliyemleta hospitalini ni mke mdogo, amesimama pale anahesabu kila chozi.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya kusikiliza.

Mwalimu mmoja wa kike aliwahi kuja kwetu na plasta ya wiki tatu, akasema, bila kutania, kwamba ndani yake kuna kitu kinakua. Hakusema kinawasha. Alisema kinakua, na kinaelekea kwenye kiwiko. Nikamtazama Okeyo kwa kumkonyeza. Okeyo hakukonyeza. Alichukua msumeno akaipasua plasta palepale, na kwenye pamba tukakuta punje ya hindi imechipua. Kichipukizi kilikuwa cheupe, kirefu kama kidole changu, kimelala juu ya ngozi yake kikifuata mshipa. Alikuwa amepukuchua mahindi nyumbani na punje ikaingia, jasho likafanya kazi ya mvua. Hakuna aliyecheka. Yule mwalimu alikitazama kile kichipukizi muda mrefu, kisha akaomba apewe aende nacho.

Okeyo aliniambia baadaye, "Mtu akikuambia iko kitu ndani ya plasta, iko. Hata akikosea jina yake, iko." Nililiandika neno hilo kwenye daftari. Miaka mingi ikapita, Okeyo akafa, nami nikawa mkubwa wa chumba, na mkubwa wa chumba hasomi madaftari.

Akoth aliletwa Jumanne asubuhi. Watu wa Karungu, kule ufukweni mwa ziwa, walimwita Nyar Mfangano, binti wa Mfangano, kwa kuwa aliolewa pale akitokea kisiwani. Alikuwa muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, Msabato wa kweli, mjane wa miezi saba. Aliteleza kwenye saruji yenye maji pale wanaposhusha samaki, beseni kichwani, akaangukia mkono wa kushoto. Kifundo kilikuwa kimevunjika na kupinda. Alikuja na mama mkwe wake, Mama Dorina, na shemeji yake Ogola.

Kabla sijamaliza kuitazama picha ya eksirei nilikwisha kuijua habari nzima, maana watu wakiwa na shida hawangoji waulizwe. Mila ya familia ile ilitaka Akoth arithiwe, yaani aingie mikononi mwa Ogola, ndugu wa marehemu. Akoth alikataa. Alisema kanisa lake halimruhusu, na hata lingemruhusu yeye hataki. Wakamwambia kwamba mpaka mila itimizwe marehemu hajatoka katika nyumba ile, na kila baya litakalompata litakuwa chira, laana ya aliyevunja mila. Sasa ameanguka. Ogola hakuonekana kuhuzunika sana.

Mfupa tuliurudisha vizuri. Kisha nikafanya kosa la kwanza. Mkono mbichi, unaovimba, haufungwi plasta ya kuzunguka siku ya kwanza. Unauwekea plasta ya upande mmoja tu na bandeji juu yake, mkono upate pa kuvimbia, halafu mgonjwa anarudi kesho umwangalie, na baada ya siku kadhaa ndipo unafunga kabisa. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini Akoth aliniambia kwa sauti ya chini, "Daktari, mimi sirudi kesho. Nikitoka kwa boma tena watasema natembea na wanaume." Nikamhurumia. Nikafunga yote.

Kosa la pili lilikuja plasta ikiwa bado laini. Ogola alisema kutoka mlangoni, "Sasa umeona? Si uliambiwa?" Akoth akainuka kwenye kiti kwa hasira. Nikamshika asiuharibu mkono, nikamkalisha, nikamgeukia Ogola nikamfukuza kwa maneno ambayo sitayaandika mbele yenu. Aling'ang'ania kubishana. Nilipomaliza naye plasta ilikwisha kupata joto, kama inavyopata ikianza kukaza. Nikaipangusa harakaharaka kwa kitambaa chenye maji, nikaiona nzuri, nikamruhusu aende.

Jumatano saa sita mchana simu yangu ililia.

"Daktari," Akoth alisema, "kuna mtu amenishika mkono."

"Nani?"

"Sijui. Yuko ndani ya plasta."

Nilikuwa nimesimama nje kwenye jua, watu wanapita, redio ya kantini inaimba. Nikamwambia ni uvimbe, kila mtu husikia hivyo.

"Si kuvimba, daktari. Najua kuvimba. Hii ni vidole. Nimehesabu. Nne ziko juu, moja iko huku chini. Niko naanika omena, jua iko hapa, na yeye hata haachilii."

Kisha nikasikia sauti ya Mama Dorina karibu naye, ikisema jambo kwa Dholuo. Neno nililolishika ni jina la marehemu.

Nataka niwaeleze wazi nilichofanya, maana hapa ndipo mtu anapopotea. Niliogopa. Na kwa kuwa niliogopa, nikacheka. Nikamwambia ameze zile dawa za maumivu, ainue mkono, na hayo mengine si ugonjwa wa plasta, awaite watu wa kanisa wamwombee. Sikumwuliza kama anaweza kunyoosha vidole bila maumivu makali. Sikumwambia abonyeze kucha aone kama wekundu unarudi haraka. Sikumwuliza kama vidole vimekuwa baridi, kama vina ganzi, kama maumivu yanazidi hata baada ya dawa. Maswali hayo huulizwa kwa muda mfupi kuliko kukoroga chai. Jibu likiwa baya hata kwa swali moja, mgonjwa aje saa hiyohiyo, na plasta ipasuliwe mpaka kwenye ngozi. Nikakata simu, nikaenda kula.

Alasiri hiyo nilipita mlangoni pa stoo. Sikuingia.

Akoth alikuja Alhamisi asubuhi. Waliomleta ni walewale wawili. Ogola aliniambia wamekuja ili niseme kwa mdomo wangu kwamba hii si shida ya hospitali, wajue namna ya kuendelea. Mimi nilikuwa nimekwisha kuviona vidole vya Akoth. Vilikuwa vimevimba na kumetameta, rangi ya majivu, na nilipovigusa vilikuwa baridi kama vitu vilivyotoka ziwani. Nikabonyeza kucha. Ikabaki nyeupe. Nikahesabu moyoni, nikafika nne, tano, ndipo wekundu kidogo ukarudi. Nikajaribu kukinyoosha kidole kimoja, Akoth akapiga kelele.

Nikawasha msumeno. Mnajua sauti yake. Nilipasua upande mmoja, nikapasua wa pili, nikakata pamba na bandeji yote kwa mkasi mpaka nikaona ngozi, kisha nikainua ganda la juu.

Kwenye mkono wa Akoth, juu kidogo ya kifundo, kulikuwa na mkono. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Alama nne za zambarau iliyokolea zilijipanga upande wa juu, na ya tano, pana, ilikuwa chini. Zilikuwa zimezama kwenye nyama. Mtu alikuwa amemshika kwa nguvu zake zote na hakumwachilia kwa siku mbili.

Mama Dorina alikaa sakafuni taratibu, miguu ameinyoosha mbele. "Ni yeye," akasema. Ogola alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, na yeye aliyekuwa akiyataka mambo hayo yawe kweli alikuwa ameogopa kuliko sisi sote.

Akoth aliutazama mkono wake. Mwanamke yule alikuwa amesimama peke yake miezi saba, anaitwa mkaidi, anaambiwa kila siku kuwa atakufa, na hakuyumba. Sasa nikamwona anayumba. Akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami niwe shahidi, "Basi. Nimechoka. Nitafanya vile mnataka."

Nami nikanyamaza. Vijana, nilinyamaza, na ndani ya ule ukimya nilisikia nafuu. Maana nilikwisha kuelewa. Plasta mbichi hushikwa kwa kiganja kilichokunjuka, kamwe si kwa ncha za vidole, kwa kuwa kila kidole huacha shimo, shimo hukauka, na likikauka linakuwa kidole cha jiwe kinachobonyeza ndani mchana na usiku. Okeyo alikuwa akinipiga vidole kwa mpini wa mkasi kwa kosa hilo hilo. Ganda lilikuwa mkononi mwangu, na yale mashimo yalikuwa yakinitazama. Na hapo hapo alikuwepo marehemu, tayari kubeba lawama yangu yote, na hangenishtaki popote. Ningesema tu, "Mimi sijui mambo ya kwenu," na kila mtu angeniamini.

Kisha nikakumbuka sauti ya Akoth kwenye simu akisema, nimehesabu. Alikuwa ameniambia ukweli wote, kidole kwa kidole, nami nikampeleka kwa watu wa maombi.

Nikanyoosha mkono wangu wa kulia nikauweka juu ya zile alama, pole pole, bila kubonyeza. Kidole changu cha kati hakina ncha. Ilikatwa na mashine ya kukoboa mahindi nikiwa kijana. Alama ya kidole cha kati ilikuwa fupi. Vidole vyangu vilitulia kwenye zile alama vyote vitano, hakuna kilichozidi wala kilichopungua.

"Ni mimi," nikasema. "Jumanne, alipoinuka. Nilimshika plasta ikiwa mbichi. Nilikosea, na jana aliponiambia sikumsikiliza. Si marehemu. Ni mimi."

Mama Dorina aliinuka kwa shida. Akaja akaangalia, akainamisha kichwa, akahesabu vidole vyangu kwa macho. Nilitegemea matusi, na nilikuwa nimeyastahili.

"Mkono ni yako," akasema. "Hiyo nimeona. Lakini siku hiyo nani alikuwa anaitumia?"

Miaka yote tangu Okeyo aache kunipiga sikuwahi kuishika plasta mbichi kwa vidole, hata mara moja, hata kwa watoto wanaorusha mateke. "Mtoto wangu amekosa mkono," yule mama akaendelea, kwa upole kabisa, kama anayenieleza njia ya kwenda sokoni. "Ameazima yako."

Nikauondoa mkono wangu juu ya mkono wa Akoth, na ndipo sote tukaona. Vidole vyake vilikuwa vinabadilika. Damu ilikuwa inarudi, kwanza dole gumba, kisha vile vingine, majivu yanaondoka kidogo kidogo.

Akoth naye aliona.

"Sawa, Mama," akasema. "Mimi sibishani tena. Kama ni yeye, ni yeye. Sasa angalia. Ameniachilia." Akauinua mkono wake uliovimba, anautegemeza kwa ule mzima, akawaonyesha. "Hapa mbele yenu, mchana. Hakuna mtu amemlazimisha. Shemeji, umeona ama hujaona?"

Ogola alitazama ule mkono, akatazama wangu. "Nimeona," akasema.

"Ameniachilia?"

"Amekuachilia."

Niwamalizie habari ya mkono, maana ninyi ni watu wa kazi. Niliuwekea plasta ya upande mmoja, nikauinua, nikaita gari, nikaenda naye mwenyewe mpaka Homa Bay kwa daktari wa upasuaji, na kwenye faili niliandika yote, pamoja na jina langu. Hawakuhitaji kumpasua. Mkono ulipona, isipokuwa kidole kidogo, ambacho hakinyooki mpaka leo, na ngozi ina makovu mawili. Nilipewa onyo kwa barua na nililistahili. Akoth bado anauza omena Karungu, bado anakaa katika nyumba yake, peke yake kama alivyotaka, na hakuna wa familia ile aliyemtajia tena habari ya kurithiwa. Siwaambii kwamba nilimwokoa. Aliyekaribia kumpoteza nilikuwa mimi, na aliyemwokoa ni yeye mwenyewe.

Lakini kuna jambo moja lilitokea kabla gari halijaja. Nilikuwa naosha mikono kwenye sinki. Mama Dorina alinijia, akanyoosha mikono yake miwili, akauchukua mkono wangu wa kulia ukiwa bado una maji. Nikadhani ananishukuru, nikaanza kumwambia asinishukuru. Hakuwa akinitazama usoni. Alikuwa akiutazama mkono. Akaufunika kwa viganja vyake, akaupapasa kidole kimoja kimoja, hata kile kisicho na ncha, na machozi yakaanza kumtoka.

"Oriti, wuoda," akaniambia. Hapana, hakuniambia mimi. Dholuo yangu ni ndogo lakini hilo nilielewa. Kwaheri, mwanangu.

Nilitaka kuuvuta. Lakini alikuwa mama, na niliona kwamba tangu mazishi hakuwa amepata kumuaga. Basi nikasimama pale nikamwachia mkono mpaka alipomaliza.